Mkosoaji si msaliti

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye ninayesimamia mijadala ya mashabiki wa timu yetu, wananipa pole kwa sababu ya matusi. Nawaambia matusi si kitu. Tusi halina kesi ndefu: aliyetukana anajulikana, alichosema kimesikika, ananyang'anywa zamu ya kuongea na mambo yanaendelea. Sentensi inayonipa kazi ni nyingine, na haina hata neno moja chafu ndani yake: "Wewe si shabiki wa kweli."

Hiyo ndiyo inayoua mjadala. Mtu kasema kiungo wetu kachoka. Kasema kwa adabu, na sababu katoa. Anaibuka mwenzake na jezi ya msimu huu, mikunjo ya dukani bado inaonekana, anamwambia kama timu imemshinda ahamie kwa wapinzani. Papo hapo mada imegeuka. Kiungo kasahaulika, sasa anayejadiliwa ni mkosoaji. Naye, badala ya kueleza alichokiona uwanjani, anaanza kujitetea: anataja mvua zilizomnyeshea jukwaani, anataja msimu ule tulioponea chupuchupu kushuka daraja na yeye hakukosa mechi. Waliokaa pembeni wanaona yaliyompata, wanajifunza. Tukifungwa tena utasikia "vijana wamepambana, tuko pamoja" kutoka kila kona, na hutapata mtu wa kukuambia kwa nini tumefungwa.

Kwenye kundi letu kumkana mwenzako ushabiki ni kosa sawa na kumtukania mama yake. Adhabu ni moja. Mwanzoni walidhani natania. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akaniambia, "Mwanangu, mapenzi ya timu hayana maswali." Nikamwambia, "Mzee wangu, si wewe juzi ulitupa kofia chini kipa alipotema mpira?" Akasema ile ilikuwa hasira tu. Basi na wenzako nao wana hasira zao, mzee. Tofauti ni kwamba wao wamezitia maneno.

Kuna hadithi ambayo kila mtetezi wa kocha anayo mfukoni. Old Trafford, Desemba 1989. Alex Ferguson yuko Manchester United tangu Novemba 1986, hana kombe hata moja pale, na Septemba ya mwaka ule ule kapigwa 5-1 na Manchester City. Kwenye mechi na Crystal Palace, ambayo nayo United walipoteza, shabiki mmoja akainua bango lililosema kwamba miaka mitatu ya visingizio imetosha, Fergie aende zake. Mei iliyofuata United wakabeba Kombe la FA, tena kwa kuwafunga hao hao Palace kwenye mechi ya marudiano. Mscotland yule akaja kustaafu mwaka 2013 na mataji 13 ya ligi. Ukitaka kumkosoa kocha, utachapwa na hadithi hii. Unaona? Wakosoaji hawajui kitu!

Mimi naisoma kinyume. Yule mwenye bango alikosea kuhusu kesho. Kuhusu jana alikuwa sahihi kabisa: timu ilikuwa inafungwa, na fedha nyingi zilikuwa zimeshamwagwa kwenye usajili wa kiangazi kile. Hakuna aliyeweza kuliona kombe la Ulaya la 1999 akiwa amekaa kwenye jukwaa lile. Tukisema mtu asifungue mdomo mpaka awe na uhakika wa miaka inayokuja, basi na wanaosifia wafunge yao, maana hata wao hawana huo uhakika. Au mchukue Gary Lineker. Kazaliwa Leicester, kaichezea Leicester City, na klabu ilipoishiwa fedha mwaka 2002 alikuwa mstari wa mbele kuinusuru. Claudio Ranieri alipoteuliwa kuwa kocha mwaka 2015, Lineker akaonyesha hadharani kwamba hajaridhika hata kidogo. Mei 2016 Leicester ni mabingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza, na bwana mkubwa akalazimika kutimiza ahadi yake ya kutangaza kipindi cha mpira kwenye televisheni akiwa na nguo ya ndani. Aliumbuka, tena vizuri. Lakini nani atasimama aseme yule si mtu wa Leicester?

Na mara nyingine mkosoaji ndiye anayeiokoa klabu. Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021 klabu 12 za Ulaya zilitangaza kuanzisha Super League yao, ligi ambayo waanzilishi wangekuwa na nafasi za kudumu wacheze vibaya au vizuri. Jumanne jioni mashabiki wa Chelsea walijaa nje ya uwanja wao, Stamford Bridge, kabla ya mechi na Brighton, wakalizuia basi la timu yao wenyewe. Petr Cech, kipa wao wa zamani aliyekuwa na wadhifa klabuni, akatoka nje kuwasihi wapishe. Kabla usiku haujaisha, klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa. Kwa kipimo cha jezi na nyimbo, wale waliozuia basi walikuwa wasaliti. Nenda kawaambie.

Nieleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi wanadhani msimamizi ni mtu wa kunyamazisha. Kazi yangu kubwa ni kuuliza.

Tulifungwa mbili bila, ugenini. Kijana mmoja, hodari wa maneno, akafungua: "Beki wetu wa kulia ni mzigo." Makofi. Nikamwuliza, "Mzigo dakika ya ngapi?" Akacheka, akadhani namchokoza. Nikarudia. Akafikiri, akasema bao la pili.

"Lilikuwaje?"

"Winga wao aliingia ndani, akaachia shuti."

"Na beki wetu?"

"Alikuwa... alikuwa amemfuata mwingine."

"Mwingine nani?"

Hapo kijana mwenyewe akaanza kuchora kwa kidole mezani. Beki wao wa kushoto alikuwa amepanda, kwa hiyo ubavu ule walikuwa wawili dhidi ya mmoja. Winga wetu, ambaye kwa kawaida ndiye wa kushuka na beki anayepanda, alikuwa amesimama karibu na mstari wa kati, mikono kiunoni. Mwingine akakumbuka kwamba bao la kwanza lilianzia pale pale. Dada wawili waliokuwa wamekaa nyuma wakasema tangu kipindi cha kwanza kipa alikuwa anapaza sauti akionyesha upande ule. Halafu mmoja wao akauliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: winga alibaki juu kwa uvivu wake, au aliambiwa abaki asubiri mpira wa kushtukiza?

Kimya. Swali zuri linafanya hivyo.

Tulianza na mtu, tukaishia kwenye mpango wa mechi. Na ukali haukupungua, uliongezeka. Sasa ulimwendea kocha, ambaye aliuona ubavu ule unavuja tangu dakika ya 20 na hakugusa kitu mpaka wavu ulipotikisika mara ya pili. Beki naye hakuachiwa hivi hivi. Tulikubaliana kwamba alipobaki peke yake alichagua vibaya, akamfuata aliyekuwa mbali na lango akamwacha aliyekuwa anaelekea golini. Lakini hilo ni kosa linaloweza kusemwa mbele yake mwenyewe, akalielewa, akalifanyia kazi. "Mzigo" atalifanyia kazi gani?

Siku hizi "lete dakika" imekuwa msemo wa kundi. Mtu akisema fulani hajitumi, sihitaji hata kusimama, wenzake wanamrukia: lete dakika! Mimi mwenyewe wamenipachika jina la dada refa, nimelikubali, kuna majina mabaya zaidi.

Ila msemo nao una hatari yake, na nimeanza kuulinda usigeuke kufuli. Tuna mama mmoja mtu mzima ambaye hajui "kukaba kwa nafasi" wala "mistari kubanana", na hataki kujua. Yeye husema tu, "Jamani, pale katikati wanatutembelea." Wajuzi wakamrukia na dakika zao. Nikawazuia, kwa sababu mama alikuwa amesema kweli: viungo wetu wawili walikuwa wanaachana mno, na wapinzani walipokea mpira katikati yao wakiwa wamegeukia lango. Yeye hakuwa na jina la jambo lile, macho alikuwa nayo. Mgonjwa hahitaji kuwa daktari ili aseme panapomuuma. Kwa sababu hiyo hiyo nimelipiga marufuku lile swali la ujanja, "Kocha humtaki, haya taja wa kuja badala yake." Kutafuta kocha kuna watu wanaolipwa mshahara kuifanya kazi hiyo. Shabiki hana deni la kuleta wasifu wa mtu.

Filimbi ya mwisho ikilia, mjadala siufungui. Watu kwanza wapige kelele, walie, wamlaani mtu yeyote ndani ya mipaka nitakayoitaja, na maneno hayo hayahesabiwi. Nani atanukuliwa kwa alichosema dakika tano baada ya kufungwa bao la jioni? Mjadala wenyewe unaanza kesho yake, watu wakiwa wamelala na wakiwa wameyarudia mabao kwa macho makavu. Wapo wanaonung'unika kwamba nazima moto ukiwa bado unawaka, na ni kweli mambo mengine matamu hupotea usiku ule. Naona hasara hiyo ni ndogo.

Nikibanwa kuhusu utaratibu huu, huwa nawatajia Kiev, tarehe 26 Mei 2018, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Loris Karius, kipa wa Liverpool, anarusha mpira kwa mkono, unamgonga mguuni Karim Benzema na kuingia wavuni. Baadaye shuti la mbali la Gareth Bale linapita mikononi mwake. Real Madrid 3, Liverpool 1. Usiku ule dunia nzima ilishatoa hukumu, na kipa akatumiwa vitisho vya kuuawa. Siku chache baadaye madaktari wa hospitali moja ya Boston wakasema alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo, wakilihusisha na kugongana kwake na Sergio Ramos, beki wa Madrid, kabla ya makosa yale. Unaweza kuyakubali maelezo yao au usiyakubali, na wapo Liverpool wasioyakubali mpaka leo. Lakini aliyehukumu usiku ule hakuwa na habari hiyo mkononi, na baada ya yote aliyoyasema, kurudi nyuma ikawa aibu. Watu hushikilia maneno yao ya kwanza hata ushahidi ukija kuyapinga. Bora yasihesabiwe.

Kuhusu marefa nina ukali wa pekee, kwa sababu huko ndiko shabiki anapopata ruhusa ya bure ya kuwa mjinga. Kocha tunamlaumu kwa hoja, mchezaji kwa dakika, refa tunamwita mwizi na kwenda kulala. Anders Frisk wa Sweden alikuwa miongoni mwa marefa wakubwa wa Ulaya. Machi 2005, baada ya vitisho vya kuuawa vilivyofuata mechi ya Barcelona na Chelsea, akaacha kazi. Familia yake ilikuwa inatishwa kwa sababu ya kadi.

Kwa hiyo nimeziweka sheria 17 za mchezo kwenye simu. Anayetaka kumshtaki refa aniambie kwanza sheria inasemaje, akishindwa nasoma mimi kwa sauti. Ugomvi mwingi hufia hapo. Kuotea, lile kosa la kupigiwa mpira ukiwa umeshawapita mabeki wa wapinzani, hakupo kwenye mpira wa kurushwa, wala wa kona, wala wa goli, na bado kuna watu wazima wenye ndevu wamegombana nami kwa hilo. VAR, wale marefa wa video, nayo haikuletwa kurekebisha kila kitu: ilipoletwa iliingia kwenye bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine, basi. Kona iliyotolewa kimakosa haikuwamo kwenye orodha hiyo, hata upige magoti.

Wakati mwingine sheria ikisomwa, shabiki anagundua kwamba adui yake ni sheria. Fainali ya Ligi ya Mataifa, Oktoba 2021, Ufaransa na Hispania mjini Milan. Theo Hernández anapenyeza pasi, Kylian Mbappé yuko mbele ya mabeki, lakini Eric García, beki wa Hispania, anajinyoosha na kuugusa mpira kabla haujamfikia. Bao. Ufaransa 2-1. Wahispania wakachachamaa, refa Anthony Taylor akaitwa majina yote. Lakini kwa tafsiri ya wakati ule, mlinzi akiucheza mpira kwa kukusudia, kuotea kunafutika, na García alikuwa ameufuata mpira ule kwa makusudi. Refa alikuwa ndani ya sheria. Julai 2022 IFAB, wenye sheria hizi, wakatoa ufafanuzi mpya: uangaliwe kama mlinzi alikuwa na nafasi ya kuumiliki mpira kweli, si kuufikia kwa kidole cha mguu tu. Waliomwita Anthony Taylor mwizi hawakuambulia chochote. Waliouliza "hii sheria ina akili kweli?" walikuwa wanazungumza jambo lenyewe.

Kuna ukosoaji mwingine ambao harufu yake naitambua nikiwa mbali. Tumeshinda moja bila, pointi tatu kibindoni, watu wanakumbatiana. Mmoja kakaa kwenye kona kavimba. "Huyu mshambuliaji ni wa kuuzwa!" Kaka, tumeshinda. "Tumeshinda nini? Nafasi zile zote, bao moja?" Nikamsogelea, nikamwuliza taratibu mkeka wake ulikuwa unasemaje. Aliweka mabao zaidi ya mawili. Mkeka umechanika kwa bao moja, na sasa mshambuliaji aliyetupa pointi tatu auzwe.

Sina ugomvi na wanaobeti, ni fedha zao. Ila nimeweka desturi kwamba mwenye mkeka kwenye mechi autaje kwanza ndipo akosoe. Hakuna anayekatazwa kuongea. Ni kwamba wasikilizaji wajue wanamsikiliza nani: shabiki, au mdai. Imeleta kicheko kingi na ukweli wa ajabu. Juzi mmoja alisimama akasema, "Kabla sijaanza, nilikuwa nimeweka tufungwe." Hata sikujua nimfanyeje.

Mipaka ninayoilinda bila huruma ni michache. Familia ya mchezaji. Rangi, kabila, dini. Maumbile na maradhi. Na vifo.

Granit Xhaka alikuwa nahodha wa Arsenal mwaka 2019. Alikuwa na makosa ya kujadiliwa, tena mengi: alikuwa anakaba kwa pupa na alishatoa penalti za bure. Hilo ni halali, lilijadiliwa na linapaswa kujadiliwa. Oktoba ile, kwenye sare ya 2-2 na Crystal Palace, akatolewa nje, uwanja wa nyumbani ukamzomea, yeye akaweka mkono sikioni kuwachochea, akavua jezi na kwenda moja kwa moja vyumbani. Siku chache baadaye akaandika kwamba watu walikuwa wamemtumia ujumbe wa kumtishia mke wake kifo na kumwombea mtoto wake saratani. Mtoto mchanga. Unahodha akanyang'anywa. Kwa miezi mingi kila aliyetaka kuzungumzia pasi za Xhaka au nafasi yake uwanjani alijikuta amesimama upande mmoja na wale wa saratani, na hoja nzuri zikachafuka pamoja na mbaya. Mimi hilo ndilo ninalowaambia wakali wangu: tusi la namna hiyo linaufungia mdomo ukosoaji kabla halijamfikia mchezaji. Xhaka, kwa taarifa yao, akabaki, akarudi kuwa nguzo, akaondoka 2023 kwenda Bayer Leverkusen na kutwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi ya ligi.

Bukayo Saka alikuwa na miaka 19 alipokosa penalti ya mwisho ya fainali ya Euro, Julai 2021. Unaweza kumlaumu kocha aliyempa mtoto mkwaju wa tano, na mimi namlaumu mpaka leo. Waliomwandikia kuhusu rangi yake yeye na Marcus Rashford na Jadon Sancho hawakuwa wanazungumzia mpira.

Kwa watani wetu nina uvumilivu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Utani ni nusu ya utamu wa mchezo huu, na shabiki asiyeweza kutaniwa atafute kitu kingine cha kupenda. Wacheke kabati letu la makombe, wacheke kipa wetu, waniimbie mimi pia. Ila mashabiki 97 wa Liverpool walikufa kwa sababu ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, watu 23 kwenye ajali ya ndege iliyowabeba Manchester United mjini Munich mwaka 1958, na hata leo kuna majukwaa yanayoimba na kuigiza vifo hivyo kwa mikono ili kuwaumiza Liverpool au Manchester United. Aliyewahi kujaribu hilo mbele yangu hatumwoni tena.

Wapenda takwimu nawapenda na wananichosha. Wametufundisha kutotegemea mabao tu. Kwamba penalti ina thamani kama ya robo tatu ya bao, kwamba mshambuliaji anayekosa nafasi nzuri kila wiki huenda yuko karibu kuanza kufunga kuliko yule aliyefunga mabao mawili ya bahati. Lakini namba nazo zinageuzwa rungu. Mtu anatupa "mabao yanayotarajiwa" ya mechi moja, ile hesabu ya nafasi zilizopatikana zilistahili mabao mangapi, mezani kana kwamba ni hati ya mahakama. Naye namwambia alete dakika.

Lawama zangu mwenyewe zipo. Wanasema nawapendelea wazee, wanasema wanawake nawapa zamu haraka. La pili ni kweli na nitaendelea, kwa sababu wanaume wanajipa wenyewe. Kwa la kwanza tumeanza kupokezana kiti, mechi moja mimi, mechi moja mwingine, na aliyekaa kitini haruhusiwi kusema anavyomwona kocha mpaka wote wamemaliza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Unakaa umejaa mpaka kooni na unawapa wengine zamu.

Hapa ni kwangu, kiti hakipo, kwa hiyo na mimi niseme. Kocha wetu ni mzuri wa kuandaa mechi na mzito wa kuisoma ikiwa inaendelea. Anafanya mabadiliko ya kwanza baada ya dakika ya 70 hata tunapozidiwa tangu ya 50, na anapobadilisha humtoa kiungo mkabaji amwingize mshambuliaji, timu inakatika vipande viwili, halafu tunafungwa bao la kushtukiza. Mechi ya Jumamosi iliyopita ilikuwa dakika ya 74. Bao la pili likaingia dakika ya 79, likipitia pale pale alipokuwa amesimama aliyetolewa.